Nani Alisema Miguu ni Mapacha?

Kuna picha ya Jim Thorpe iliyopigwa Stockholm mwaka 1912, wakati wa Olimpiki. Ukiitazama haraka utaona mwanariadha tu. Shuka na macho hadi chini. Viatu vyake havifanani. Hata soksi hazifanani.

Thorpe alitoka Oklahoma, wa jamii ya Sac and Fox, mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani ambao wakati huo nchi yao wenyewe ilikuwa bado haijawatambua wote kuwa raia. Alishinda dhahabu mbili katika michezo ile, ya pentathloni na ya dekathloni. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba viatu vyake vilitoweka, akaungaunga pea kutoka popote, kimoja kikitoka kwenye pipa la taka, na kwa kuwa kimoja kilikuwa kikubwa akakijaza kwa soksi ya ziada. Watu wakiisimulia huwa wanaharakisha kufika kwenye dhahabu. Mimi huwa nabaki pale kwenye soksi. Maana zaidi ya miaka 100 baadaye, mtu wa baiskeli mwenye miguu isiyolingana akienda kununua viatu, vya soli ya kaboni, vya bei ya kodi ya nyumba, ushauri atakaopewa dukani ni ule ule wa Thorpe. Chukua kikubwa, jaza.

Sasa, kwa nini?

Tuanze na mwili. Watu wengi wana mguu mmoja uliozidi mwingine kidogo, kwa urefu au kwa upana, na wengi wao hawajui. Hawajui kwa sababu viatu vya kawaida vina huruma. Raba ya kitambaa inajinyoosha, sendo haina cha kubana, na ukitembea mguu unajikunja, unasogea, unatafuta nafasi yake. Tofauti ya milimita nne inamezwa na hakuna anayelalamika.

Kiatu cha baiskeli hakina huruma hiyo. Soli yake imetengenezwa isijikunje hata kidogo, ili nguvu ya paja ifike kwenye pedali bila kupotelea njiani. Chini ya soli kuna kliti, kile kipande cha plastiki au chuma kinachonasa kwenye pedali na kuufunga mguu mahali pamoja. Ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika, hiyo ni mara 5,400 kwa saa, kila mguu, katika mkao ule ule. Kiatu kikiwa kidogo, vidole vinaingia ganzi kabla hujafika Limuru, halafu unyayo unaanza kuwaka. Kikiwa kikubwa, kisigino kinainuka kila pedali inapopanda, na wewe kwa kukikomesha unakaza mikanda hadi damu inakataa kupita. Yaani unaweza kuumia kwa kubanwa na ukaumia kwa kupwaya, safari moja, mwili mmoja. Mimi naijua hiyo. Mguu wangu wa kushoto ni sentimita 26.2. Wa kulia ni 27.1.

Milimita tisa. Ukimwambia mtu anacheka. Mpe baiskeli na kilima cha Redhill, aje acheke tena.

Kitu kilichonishangaza nilipoanza kufuatilia jambo hili ni kwamba hata wazo la kiatu cha kushoto na cha kulia si la daima. Warumi walikuwa nalo. Ulaya ya zama za kati ilikuwa nalo. Halafu kuanzia karibu mwaka 1600, visigino vya juu vilipoingia kwenye mitindo, wazo hilo likapotea. Kiatu hutengenezwa juu ya kalibu, mfano wa mguu uliochongwa kwa mti. Kalibu ya kiatu chenye kisigino ilikuwa ngumu kuchonga, na kuchonga mbili zinazotazamana, moja ya kila upande, ilikuwa gharama juu ya gharama. Mafundi wakapiga hesabu. Kalibu moja iliyonyooka, itumike kwa miguu yote miwili. Kwa takriban miaka 200 Wazungu walivaa viatu ambavyo ungeweza kuvivaa upande wowote, matajiri kwa maskini. Kiatu kilikuja bila upande. Mguu ndio uliokipa upande, kwa kukivaa na kukivaa hadi ngozi ikasalimu amri.

Hebu fikiria hilo vizuri. Mfalme ana kiatu cha hariri chenye kisigino chekundu, na hakijui kama yeye ana kidole gumba.

Lakini kulikuwa na faida moja iliyofichika, hasa kwa sisi wa milimita tisa. Mtu aliyeweza kumlipa fundi alipimwa miguu, na fundi akishajua kwamba wa kulia umezidi, hakuna kilichomzuia kuongeza kipande cha ngozi juu ya kalibu na kukishonea kiatu hicho nafasi. Kiatu kilikuwa bado hakijakuwa bidhaa ya rafu. Kilikuwa makubaliano kati ya watu wawili, mmoja akiwa amevua soksi.

Kilichovunja makubaliano hayo ni bunduki, kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1819 Mmarekani Thomas Blanchard alipata hataza ya mashine ya kukereza vitu visivyo mviringo. Shida aliyokuwa anaitatua ni vitako vya bunduki, ambavyo vina mikunjo mingi na vilikuwa vinachongwa kwa mkono kimoja kimoja. Mashine yake ilikuwa na gurudumu lililotambaa juu ya mfano, na kisu kilichoiga kila mpando na kila mshuko kwenye gogo lililo kando. Baada ya muda watu wakatambua kwamba kinachoweza kuiga kitako cha bunduki kinaweza kuiga kalibu ya kiatu. Ghafla kuchonga mbili hakukuwa tena gharama ya kutisha. Viatu vya kushoto na kulia vikarudi, na kufikia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wanajeshi walikuwa wanagawiwa viatu vyenye pande.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kalibu za kiwandani hazikuchongwa kwa kupima miguu miwili ya mtu. Unachonga mmoja, unaugeuza kama kwenye kioo, unapata wa pili. Mguu wa kushoto wa kiwanda ni picha ya kioo ya mguu wa kulia. Hakuna binadamu aliyeulizwa. Mapacha walizaliwa pale, kwenye mashine, na tangu siku hiyo sisi wengine tukawa ndio wenye kasoro.

Baadaye kidogo akaja mtu ninayetamani angekuwa kwenye vitabu vyetu vya shule. Jan Ernst Matzeliger alizaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, mama Mweusi, baba mhandisi Mholanzi. Alifika Lynn, Massachusetts, mji wa viatu, akiwa kijana asiyejua Kiingereza vizuri. Wakati huo mashine zilikuwa zinakata ngozi na kushona, lakini kazi moja ilikuwa bado ya mikono, kuvuta ngozi juu ya kalibu na kuikaza chini kwenye soli bila mikunjo. Waliokuwa wakiifanya walijiona hawawezi kuguswa. Fundi stadi alimaliza kama pea 50 kwa siku. Matzeliger alikesha akijenga mashine kwa vipande vya mbao na mabati, na mwaka 1883 akapewa hataza. Mashine yake iliweza pea 150 hadi 700 kwa siku. Bei ya viatu ikaporomoka. Watu ambao wangeendelea kutembea peku wakavaa. Yeye mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1889, akiwa na miaka 36.

Siwezi kumlaumu Matzeliger, na sitaki yeyote amlaumu. Viatu vya bei nafuu ni jambo kubwa kuliko starehe ya mguu wangu wa kulia. Ila ni vizuri kuona tulichobadilishana. Tulipata viatu kwa wote, na kwa malipo tukakubali kwamba kiatu kinauzwa kwa pea, pea ina namba moja, na namba hiyo iko kwenye boksi kabla mguu wako haujafika dukani.

Na hiyo namba yenyewe! Niliacha chuo mwaka wa pili wa uhandisi, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni kuuliza kipimo kimetoka wapi. Saizi za Kiingereza, zile za viatu vya shule vya Bata, zinahesabiwa kwa punje za shayiri. Sitanii. Inchi moja ilihesabiwa kuwa punje tatu zilizopangwa kichwa kwa kichwa, na hadi leo saizi moja ya Kiingereza ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Hesabu inaanzia inchi nne kwa mtoto, inapanda hadi 13, halafu inarudi kuanza na moja kwa wakubwa, kama saa ya ukutani. Wafaransa wao wakachukua theluthi mbili za sentimita, milimita 6.67, na hiyo ndiyo 42 na 43 tunayoijua kwenye mitumba. Wamarekani wakachukua punje za Waingereza lakini wakaanzia mahali pengine. Ndiyo maana ukifungua ulimi wa raba Gikomba unakuta namba nne, kila moja ikidai ndiyo wewe.

Lugha hizi zote zinazungumzia kalibu, hazizungumzii mguu. Hakuna hata moja inayokuuliza, upi?

Aliyeuliza alikuwa kijana wa Syracuse, New York. Charles Brannock alikuwa mtoto wa mwenye duka la viatu, na katikati ya miaka ya 1920 alitengeneza kifaa cha kupimia mguu, kielelezo cha kwanza akikiunda kwa vyuma vya kuchezea watoto, vile vya kufunga kwa nati. Pengine umekiona, bamba la chuma lenye vikombe vya kisigino na vipimo vinavyoteleza. Kinapima vitu vitatu. Urefu kutoka kisigino hadi kidole kirefu, upana, na umbali kutoka kisigino hadi ile sehemu pana nyuma tu ya kidole gumba, pale mguu unapojikunjia. Kina kikombe cha kisigino cha kulia na cha kushoto, kwa hiyo kimekusudiwa kupima yote miwili.

Kile kipimo cha tatu ndicho watu wa baiskeli wangepaswa kukipigia magoti. Miguu miwili inaweza kuwa na urefu sawa kabisa, lakini mmoja una vidole virefu na mwingine una unyayo mrefu. Kwenye kutembea haijalishi sana. Kwenye pedali, pale panapojikunja ndipo kliti inapotakiwa kukaa, na ikikosea kwa milimita chache goti linakuja kudai.

Kwa hiyo tangu enzi za bibi zetu kulikuwa na kifaa cha kumwambia mwenye duka kwamba mteja huyu ana miguu miwili tofauti. Na kilipomwambia, alifanya nini? Alileta boksi la mguu mkubwa. Kipimo kilikuwa cha watu wawili, bidhaa ikawa ya mmoja.

Miaka hiyo hiyo maduka ya Marekani na Uingereza yalipata kichaa kingine ambacho lazima nikitaje. Mashine ya eksirei ya viatu. Sanduku la mbao refu kama dawati la kanisani, unaingiza miguu chini, unaona mifupa yako ya kijani ikichezacheza ndani ya kiatu. Ilikuwa na matundu matatu ya kuchungulia, la mtoto, la mzazi na la muuzaji. Maelfu ya maduka yalikuwa nayo. Watoto waliomba kurudia. Haikuongeza chochote ambacho kidole cha mama hakiwezi kukigundua kwa kubonyeza ncha ya kiatu, na ilikuwa inawapiga wote mionzi, muuzaji zaidi ya wote maana yeye alikuwa hapo kutwa nzima. Pennsylvania iliipiga marufuku mwaka 1957 na nyingine zikafuata. Walikuwa tayari kumulika mifupa ya mtoto kuliko kuuza kiatu kimoja kimoja.

Baiskeli ilikuwa inaendelea na njia yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mwendeshaji wa mashindano alivaa kiatu cheusi cha ngozi chenye vitundu vya hewa. Mguu uliingia kwenye kizimba cha chuma kilichofungwa juu ya pedali, ukakazwa kwa mkanda wa ngozi. Kliti ilikuwa kipande chenye mfereji, kikipigiliwa misumari kwenye soli. Na jinsi ya kujua mahali pa kuipigilia ilikuwa hivi. Unaendesha kwanza viatu vitupu kwa siku kadhaa, pedali inachora alama yake kwenye ngozi, halafu unampelekea fundi viatu vyote viwili na anapigilia palipochorwa. Kila mguu unajiandikia mahali pake. Kama wa kulia ulikuwa mrefu, alama yake ilikaa tofauti na ya kushoto, na hakuna aliyeshangaa. Ngozi nayo, kwa jasho na mvua, ilikuwa inajifunza umbo la mwenyewe.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Ule mkanda ulikuwa unakata damu, na ukianguka unaanguka pamoja na baiskeli kwa sababu huwezi kuchomoa mguu kabla ya kuulegeza kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya Kifaransa ya Look, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya skii, ilitoa pedali inayonasa kliti na kuiachia ukizungusha kisigino nje. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda nayo Tour de France, ya tano kwake, na mjadala ukaisha. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikatoa ya kwake ya baiskeli za milimani, kliti ndogo iliyozama ndani ya soli ili mtu aweze kushuka na kutembea kama binadamu. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeendesha Nairobi, ambako lazima ushuke, hata kama hukupanga.

Ila pamoja na pedali mpya, kiatu kikawa kigumu zaidi. Ngozi ikatoka, plastiki ikaingia, kisha kaboni. Kaboni haijifunzi umbo la mtu. Misumari ya fundi ikawa skrubu tatu kwenye matundu yaliyotobolewa kiwandani, kushoto na kulia sawasawa, kama kwenye kioo. Kiatu kikawa chepesi, kizuri, cha kasi, na kikaacha kukusikiliza.

Jinsi mfumo huu ulivyo na wivu ilionekana tarehe 14 Julai 2016, kwenye mlima Ventoux. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunzia mashindano kwa David Kinjah huko Kikuyu, alikuwa amevaa jezi ya njano ya Tour de France. Pikipiki ilisimama mbele yao katikati ya umati, wakagonga, baiskeli yake ikavunjika. Akaanza kukimbia mlima kwa miguu, na viatu vya kliti, kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kutembea navyo kwenye vigae vya supamaketi anajua ni mateso. Dunia ilicheka hiyo video. Lakini kilichofuata ndicho changu. Gari la huduma lilimpa baiskeli ya njano ya kuazima, na hakuweza kuendesha nayo ya maana, kwa sababu pedali zake hazikuwa za kliti zake. Ilibidi asubiri gari la timu. Kiongozi wa mbio kubwa kuliko zote duniani, ana miguu, ana baiskeli, na hawezi kwenda kwa sababu kitu cha chini ya kiatu hakikubaliani na kingine. (Waamuzi walimrudishia muda wake. Akashinda.)

Watu wenye miguu isiyolingana hawakukaa tu kusubiri viwanda. Polio iliwaacha wengi na mguu mmoja mdogo kwa saizi mbili, tatu, hata zaidi, na mtu wa namna hiyo alikuwa ananunua pea mbili kila mara, anavaa moja kutoka kila boksi na kutupa zilizobaki. Maisha yake yote, bei mara mbili. Mwaka 1943 mwanamke mmoja Mmarekani aliyekuwa ameugua polio alianzisha mtandao wa kubadilishana, National Odd Shoe Exchange. Wazo lake ni rahisi mpaka linaudhi. Kama wewe ni 38 kushoto na 40 kulia, basi mahali fulani kuna mtu ambaye ni 40 kushoto na 38 kulia. Nunueni pea mbili pamoja, mgawane. Kazi ya mtandao ilikuwa kuwakutanisha, kwa barua. Ukiwa na bahati mnalingana hata umri, ili mmoja asiletewe viatu vya ajuza.

Kwa upande wa wauzaji, duka kubwa la Nordstrom, ambalo lilianza Seattle mwaka 1901 kama duka la viatu, limejulikana kwa kugawa pea. Wanakuuzia saizi tofauti kwa bei ya moja, mradi tofauti ya miguu yako ifike saizi moja na nusu. Nilipiga hesabu yangu. Milimita tisa ni saizi moja na kidogo kwa Kimarekani. Hata huko ningeambiwa niende na soksi yangu.

Basi turudi kwetu, ambako viatu vingi vya baiskeli vya watu wa kawaida hutoka kwenye mitumba. Vinashuka vikiwa vimefungwa kamba pamoja, na ukivifungua ndani kuna alama ya miguu ya mtu wa Ulaya ambaye hutamwona. Tazama alama hizo. Mara nyingi utakuta kidole cha upande mmoja kimechimba soli ya ndani zaidi ya mwenzake. Na yeye alikuwa na miguu miwili, alinunua pea moja, akavumilia.

Ukitaka kupima, pima jioni, baada ya kuzunguka, miguu ikiwa imevimba kiasi chake cha kawaida. Simama juu ya karatasi, uzito wote chini, mtu mwingine ashike kalamu. Chukua urefu kwa sentimita, ongeza moja na nusu, zidisha kwa moja na nusu, utapata namba ya Ulaya iliyo karibu. Wangu wa kushoto unatoka 41.5. Wa kulia unatoka 43. Fanya hivyo kwa yote miwili hata kama una uhakika ni sawa, na usikubali kujaribu kiatu kimoja tu kwa sababu ndicho kilichoning'inizwa nje ya kibanda. Omba na cha pili.

Nunua kwa mguu mkubwa. Kuhusu urefu hakuna ujanja mwingine. Fundi wa kando ya barabara anaweza kukipanua kiatu kwa upana, akikiweka kwenye mti na kukiacha siku mbili, lakini hawezi kuirefusha kaboni. Ukishapata, usijaze pamba kwenye vidole vya kile kidogo. Hilo ndilo kosa la kila mtu. Pamba mbele inausukuma mguu nyuma lakini kisigino kinaendelea kuinuka. Jaza kutoka chini, kwa soli ya ndani iliyo nene zaidi, na kutoka juu, kwa kipande laini chini ya ulimi, ili mguu ushikwe pande zote. Soksi nene upande huo pia inasaidia. Thorpe hakuwa mjinga.

Halafu kliti. Watu huzipanga kwa macho, wakiviweka viatu kando kwa kando na kuhakikisha zinalingana, na zikilingana wanafurahi. Usifurahi. Vaa kiatu, bonyeza upande hadi upate ule mfupa unaotokeza nyuma ya kidole gumba, uweke alama ya kalamu nje ya kiatu. Fanya hivyo kwa kila mguu. Alama zikikaa mahali tofauti, kliti nazo zikae mahali tofauti, hata kama viatu vikiwa mlangoni vinaonekana kama vya watu wawili. Na kumbuka soli nene imeinua mguu mmoja milimita kadhaa, kwa hiyo endesha siku mbili tatu na bisibisi mfukoni kabla hujakaza kabisa.

Nimeshauliza hapa na pale kama kuna mtandao wa kubadilishana huku kwetu. Sijaupata. Watu tuko kwenye vikundi vya WhatsApp vya kila kitu, mbwa, mashamba ya Kajiado, mazishi ya mtu tusiyemjua. Wangu ni kushoto 41.5, kulia 43, kliti za skrubu mbili, rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Kama yako ni kinyume chake, tuongee.